Cheti cha Ndembe

Miaka ya tisini ilipokuwa ikiisha, chama chetu cha wafugaji nyuki kilipata seva, tukaiweka ofisini Embu mjini, chumba kinachopakana na cha kuchujia asali. Ofisi za Kiritiri na Kiambere zilikuwa ziipigie kwa modemu na kufungua ukurasa wetu. Kwa kuwa wakulima wangeandika humo namba zao za akaunti, ilibidi mawasiliano yafungwe, mtu wa njiani asichungulie. Tuliipa seva jina la debe, maana asali yote tuliyoijua ilifika kwa madebe.

Seva ya namna hiyo huhitaji cheti, ambacho ni kama kitambulisho: ukiipigia, inakitoa, na kompyuta yako inalinganisha majina. Chetu kilitengenezwa na fundi wa Nairobi, akakituma kwa disketi. Aliyempigia simu kumpa jina ni meneja wetu, mama wa Kiembu aliyewahi kufundisha hesabu, na ambaye sote tulimwita Mwalimu.

Siku ya kuanza, mimi na mwenzangu, dada mcheshi wa kutoka Kiambere, tulifungua ukurasa. Likaja onyo: cheti si cha seva hii. Kabla hatujapumua, karani wa Kiritiri akapiga simu.

"Huku inaniambia hakuna seva kama hiyo," alisema.

Mgonjwa mmoja, magonjwa mawili! Tukakagua saa ya kompyuta, kwa sababu saa ikipotea cheti huonekana kimeoza. Saa ilikuwa sawa. Tukakitoa cheti, tukakirudisha. Tukaizima seva na kuiwasha.

"Wewe Mmeru, ukiizima tena hii kitu itahama," mwenzangu akasema. Kisha akabonyeza mahali pa kusoma cheti chenyewe. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Soma hapo."

"Ndembe," nikasoma.

"Soma polepole."

Nikasoma polepole, herufi moja moja, na kicheko kikanipanda kutoka magotini. Kwetu sisi, kuanzia Mikinduri nilikozaliwa mpaka Mbeere, ulimi haupendi kuitoa d nje ikiwa uchi. Lazima ivishwe n, na b ivishwe m. Mimi mwenyewe hadi leo nikikasirika nasema "hii ndunia".

Mwalimu akasikia kelele, akaja.

"Imekubali?"

"Mwalimu, hebu tusomee hapa," mwenzangu akasema, machozi yakimtoka.

Mwalimu akavaa miwani, akainama. "Ndembe," akasoma vizuri kabisa. "Si ndiyo hiyo jina yetu? Sasa shida iko wapi?"

Mwenzangu akaketi sakafuni. Mimi niliegemea ukuta, nikaonyesha tu karatasi tuliyobandika juu ya seva, imeandikwa debe. Mwalimu akaitazama karatasi, akatazama skrini, akarudi kwenye karatasi. Akajiziba mdomo.

"Ngai! Na nilimwambia yule kijana aandike vile anasikia!"

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, na sikujua kwamba mtu aweza kumpenda bosi wake ghafla namna hiyo.

Nikauliza kama tumwombe fundi cheti kingine. Mwalimu akakataa.

"Cheti kishakuja. Badilisheni mashine."

Basi tukaibadilisha jina seva, ikawa ndembe. Tulipofungua ukurasa, onyo halikuja, na kile kifuli kidogo pembeni mwa skrini kikajifunga. Tulipiga vigelegele. Nikampigia karani wa Kiritiri.

"Sasa andika n, d, e, m, b, e."

"Lakini hiyo ndiyo nimekuwa nikiandika tangu asubuhi," akasema. "Ndivyo Mwalimu alivyoniambia."

Nilimpa mwenzangu simu, maana sikuwa na sauti tena. Kumbe ugonjwa wa pili ulikuwa huo huo wa kwanza! Karani akajaribu, na sote watatu tukamsikia akipaza sauti kule Kiritiri: "Imefunguka! Imefunguka!"

Mchana huo hakuna aliyefanya kazi ya maana. Mwalimu alileta sahani ya masega kutoka chumba cha pili, tukala kwa vidole tukiwa tumesimama, na kila mmoja wetu alipofungua mdomo kusema neno lolote lenye d, tulianza upya.