Nguchiro Aliyeganda Hewani Miezi Kumi na Mmoja

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Kaka mtu anabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, anaweka pedi ya kuchezea juu ya televisheni ya dukani na kuchukua koti lake. Kifua kinambana tangu jana. Anakwenda hospitali kupimwa.

"Usiizime mashine," anamwambia mdogo wake, aliyeinamia redio ya mteja. "Saa sita nitakuwa nimerudi."

Hakurudi. Alifariki alasiri hiyo.

"Hata kichwa sikuinua," anasema mdogo wake, fundi wa redio na televisheni, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. "Nilisema 'haya' tu."

Kwenye skrini alibaki nguchiro wa kahawia, ameganda hewani, miguu imekunjwa. Ni shujaa wa mchezo wa video wa zamani wa kuruka mashimo na kukwepa nyoka, hatua arobaini. Mashine yake haitunzi kumbukumbu: ukiizima, unaanza upya. Baada ya miaka kumi na tisa ya kujaribu, kaka alikuwa amefika hatua ya mwisho kwa mara nyingine, na roho moja tu mkononi: akikosea mara moja, mchezo umekwisha. Wateja walimwita Nguchiro, naye akaitika.

Fundi aliporudi kazini baada ya msiba, aliikuta mashine ina joto, bado inawaka. Akaiunganisha na betri ya gari ili umeme ukikatika isizimike. Umekatika mara thelathini na moja.

Tatizo lilikuwa moja: yeye hajui kucheza, na roho ni hiyo hiyo moja.

Akanunua mashine mbovu ya aina ile ile, pamoja na kaseti yake ya mchezo, kwa muuza vyuma chakavu. Akaifufua, akaanza kujifunza kila mapumziko ya mchana.

"Siku ya kwanza nilitumbukia shimo la kwanza," anasema. "Kaka angecheka mpaka akae chini."

Jirani yake, mshonaji wa nguo, hakumpa nafasi. "Fundi, redio yangu wiki ya pili hii, na wewe unarusha mnyama."

"Mnyama ametangulia kwenye foleni, dada. Subiri zamu yako."

Baada ya miezi saba alifika hatua ya arobaini. Nyoka mkubwa akammeza. Akammeza tena, na tena, kama alivyokuwa akimmeza kaka.

Kisha Jumapili moja, duka limefungwa na redio zote kimya, alicheza akiwa amefungulia sauti. Akasikia mngurumo wa chini, kama wa spika yenye waya uliolegea. Kila mara kabla nyoka hajarusha kichwa, mngurumo ulishuka kidogo. Sikio la fundi halikosi kitu kama hicho.

Kaka yake hakuwahi kuusikia. Alicheza bila sauti, miaka yote kumi na tisa.

"Ni mimi niliyemwambia azime," anasema fundi, akisugua kidole chenye kovu la moto. "Nilikuwa napima redio za watu. Nilisema ananipigia kelele."

Wiki mbili hakugusa pedi.

Jumamosi ya mwezi uliopita alifungulia sauti ya mashine ya kaka mpaka mwisho. Duka lilijaa. Mshonaji alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Fundi akabonyeza kitufe, na nguchiro, baada ya miezi kumi na mmoja hewani, akatua.

Fundi hakutazama skrini sana. Aliinamisha kichwa, sikio likielekea kwenye spika, kama anavyosikiliza redio mbovu. Mngurumo ukashuka, akaruka. Ukashuka, akaruka. Mara ya tatu nguchiro alitua shingoni mwa nyoka, na nyoka akaporomoka.

Kelele zilisikika hadi barabarani. Mshonaji alimkumbatia fundi pamoja na pedi na waya wake. "Umemmaliza, mama. Nguchiro wetu amefika."

Skrini iliomba jina la mshindi. Fundi aliandika la kaka yake, lile alilopewa na wazazi, siyo la utani. Watu wakalisoma kwa sauti.

Mwezi ujao anataka kuweka benchi ili wanaosubiri redio zao wacheze kwenye ile mashine ya pili. Sauti itabaki juu.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, aliizima mashine ya kaka. Jina likafutika, kama alivyojua litafutika. Soketi yake ya umeme sasa inatumiwa na redio ya mshonaji.