Risasi Tano za Saruni

Mchana Saruni alikata matairi sokoni Kitengela, akitengeneza viatu vya akala. Jioni alioga, akachukua bunduki aliyopewa na serikali, akawa polisi wa akiba. Mshahara wa kazi hiyo haukuwepo. Kilichokuwepo ni heshima: ng'ombe wakiibwa kule Isinya, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Mkewe Nalangu, ambaye bado alikuwa akimnyonyesha binti wao Simaloi, alishazoea kugawana mume na watu wa nje.

Jumapili moja ya Machi, mwaka wa 2001, alikuja Koplo Kisemei wa kituoni. Yeye na Saruni walitahiriwa siku moja, na kwao mtu wa rika lako hanyimwi kitu.

"Wa rika, niokoe," Kisemei alisema hata kabla ya kuketi. "Kesho OCS anakagua risasi zetu na mimi niko na upungufu wa tano. Niazime zako. Nyinyi wa akiba hamkaguliwi mpaka mwezi wa sita."

"Si tuandike mahali?"

Kisemei alicheka hadi akashika tumbo. "Kwani siku ile ya kisu tuliandikiana?"

Saruni naye akacheka. Nalangu, akimenya viazi karibu na mlango, aliona risasi zikipangwa moja moja juu ya kigoda, kisha zikaingia mfukoni mwa koplo.

Wiki mbili hazikuisha. Amri ikatoka: polisi wote wa akiba walete bunduki na risasi kituoni Ijumaa. Saruni alimwendea Kisemei mara mbili, akaambiwa kesho, kisha kesho kutwa. Mara ya tatu alikuta amepelekwa kazi Namanga, atarudi Ijumaa yenyewe.

Siku hiyo Nalangu alimfuata mumewe, mtoto mgongoni, kwa sababu alikuwa ameondoka bila kutia hata chai mdomoni. Wanaume walipanga foleni uani, wanawake wakasimama kando. OCS, mkuu wa kituo aliyeitwa Maweu, akahesabu.

"Kumi na tano. Kitabu kinasema ishirini. Hizo tano umewapa wezi gani, fundi wa akala?"

Wengine wakacheka. Kisemei alisimama nyuma ya Maweu na kalamu mkononi, akitazama ukurasa kama mtu anayesoma Biblia.

Nalangu akatoka pale kwa wanawake. "Afande, mimi nilikuwa nyumbani. Niliona kwa macho yangu. Aliyechukua ni—"

"Nyamaza!" Saruni alisema. Kisha, bila kumtazama mkewe, akamgeukia Maweu. "Afande, msamehe. Siku hizo alikuwa kwao Ilbissil. Hajui kitu. Risasi nilizipoteza porini mimi mwenyewe."

Kumtaja mtu wa rika lako mbele ya watu ni kujitafutia laana. Hilo Nalangu alilijua tangu utotoni. Asichojua ni kwamba mke anaweza kufanywa mwongo mchana kweupe, ili mwongo mwenyewe aendelee kushika kalamu. Alirudi kwa wanawake. Mmoja akamnong'onezea, "Pole, mama." Mwingine akasogea kidogo, akaacha nafasi kati yao.

Korti ya Kajiado ilimfunga Saruni miezi sita.

Jumamosi ya kwanza ya kumtembelea gerezani, Nalangu alibeba maziwa na habari: Simaloi alikuwa amepiga hatua nne jana yake. Alizihifadhi habari hizo njia nzima, akipanga atakavyozisema. Saruni aliletwa, kichwa kimenyolewa, akainamia waya uliowatenganisha.

"Hukutaja jina lake huko nje?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Nalangu aliyaweka maziwa chini. "Nimelitaja," alisema. "Jana, sokoni, mbele ya meza yako. Waliniuliza mwenye akala yuko wapi, nikawaambia amefungwa kwa sababu ya Kisemei."

"Umeniua, mama Simaloi."

"Sijakuua. Nimesema nilikuwa nyumbani."

Saruni akageuza uso ukutani. Dakika zao zilikuwa hazijaisha, lakini Nalangu alimwachia askari yale maziwa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni na kutoka. Zile hatua nne hakumwambia.