Waya Uliopakwa Alizeti

Mayai yalikuwa yamefika siku ya kumi na nane. Zilibaki siku tatu tu vifaranga watoke, ndipo mashine ya kutotolea ikazima. Huko kwenu pengine yai linavumilia baridi kidogo. Ufipa mwezi wa saba, hapana. Upepo wa kule juu unakuingia mpaka kwenye jino.

Tulipofika asubuhi, mama mwenye mashine alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anavunja yai moja moja kwa kijiko. Anavunja, anatazama, anamtupia mbwa. Ndani ya kila yai kuna kifaranga kamili, ana manyoya, ana mdomo, na amekufa. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni, anaangalia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njooni muone kazi yenu." Akavunja lingine. "Hivi mliniwekea umeme au mliniwekea jeneza?"

Mimi na mshikaji wangu ni mafundi wa sola. Hatujasomea popote. Tulianza kwa kufungua redio mbovu, tukaharibu nyingi mpaka siku moja tukaacha kuharibu. Karakana yetu iko Sumbawanga mjini, lakini kazi zenyewe ziko vijijini. Mzee wangu aliponitimua nyumbani, mshikaji huyu alinigawia nusu ya godoro lake miaka miwili, na hajawahi kunikumbusha. Kwa hiyo ukimgusa yule umenigusa mimi, na mimi huwa siulizi kwanza.

Na alikuwa ameshaguswa. Mwaka uliotangulia inveta ya mtu iliungua, mwenye mali kaiunganisha mwenyewe na mashine ya kuchomelea, halafu lawama zote akambebesha mshikaji wangu. Kijiji kile wakamfanya kama mwizi. Simu za kazi zikakatika. Huyu mama wa mayai, wa kijiji kimoja upande wa Namanyere, ndiye aliyempa kazi tena, na mama huyu siyo wa mchezo. Kwenye jumuiya yao akisema neno Jumapili baada ya misa, jioni limeshafika vijiji vyote vya ukingo ule. Akisema fundi huyu ni mbovu, basi, mshikaji wangu arudi kulima ulezi kwao.

Mashine hiyo na sola yake mshikaji aliifunga peke yake. Siku hiyo mimi nilikuwa Mollo kwa kazi nyingine.

Sasa asubuhi ile yeye akapanda juu ya bati kukagua paneli. Mimi nikaingia kwenye chumba cha betri, chenye dirisha moja dogo la upande wa uani. Fyuzi imeungua. Betri zimekauka kabisa. Nikapima waya unaoshuka kutoka juu, mita haisomi kitu. Nikauvuta kutoka kwenye paipu.

Ulitoka kama gunzi. Plastiki imetafunwa, shaba iko nje, chanya na hasi zimegusana. Panya. Hilo siyo geni, panya wa Ufipa wanatafuna mpaka kandambili. Kilichonishtua ni kwamba walitafuna mita kama tano hivi, halafu wakaacha. Kuanzia pale waya ni mzima, hauna hata alama ya jino. Nikaupeleka puani.

Alizeti.

Waya mnene kwenye paipu yenye kona haupiti kwa kuombwa. Unaupaka kitu uteleze. Wenzetu wanatumia sabuni, wengine poda. Mshikaji wangu alikuwa amepaka mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha katikati, akaendelea kusukuma hivyo hivyo. Pale mafuta yalipoishia, ndipo na meno yalipoishia. Aliwatengea panya chakula mezani.

Nikapandwa na hasira. Siyo kwake. Nilikuwa nasikia tu sauti ya yule mama siku ya Jumapili.

"Umeona nini humo?" akaita kutoka uani.

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na gunia la ulezi. Jipya, limeshonwa vizuri, halina tundu. Nikatazama mlangoni. Nikachukua bisibisi, nikalichoma gunia chini, mara mbili, nikazungusha. Ulezi ukamwagika kidogo kidogo mpaka karibu na mdomo wa paipu. Nikausambaza kwa mguu.

"Njoo uone mwenyewe mama," nikasema. "Umeme hauna kosa. Mmefuga panya chumba cha betri. Nani kaweka ulezi humu?"

Mama akaja, akasimama mlangoni, akatazama gunia, akanitazama mimi. Akamgeukia mkwe wake nyuma.

"Wewe! Nilikuambia nini kuhusu chumba hiki?"

"Mama, gunia si uliniambia mwenyewe niliweke humo kwa sababu ndipo penye kufuli?"

"Nilikuambia pia ufagie! Nyumba yenu mlizoea kulala na panya, sasa umewahamishia kwangu?"

Yule dada mwenye mtoto mgongoni akaingia, akainama, akaugusa waya. Akaunusa kama nilivyounusa mimi. Nikaona anaelewa.

"Kaka," akaniambia taratibu, "siku ile mwenzako aliniomba mafuta. Nilimpa kikombe kizima. Alikuwa anapaka..."

"Dada, wewe unaujua umeme?" Nilimkata hapo hapo, tena kwa kelele. "Umesomea wapi? Hebu nieleze hii chanya iko wapi, hasi iko wapi. Huwezi? Basi nyamaza, kashike ufagio. Hiyo ndiyo fani yako, na hiyo nayo imekushinda."

Mama akacheka. Majirani wawili waliokuja kuchungulia mayai nao wakacheka. Mtoto mgongoni akaanza kulia, yule dada akawa anamtikisatikisa. Mimi nikaongeza. Ndivyo nilivyo, nikishaanza siwezi kushuka. Nikasema vifaranga wale wamekufa kwa uvivu wa mtu mmoja. Nikasema ningekuwa mimi mwenye nyumba, najua la kufanya.

"Na mimi najua," mama akasema.

Akamwambia mkwe wake afungashe. Hakupiga kelele hata. Kilichofuata alikisema kwa Kifipa, na sitakiandika hapa.

Mshikaji wangu aliposhuka kwenye bati alikuta mzigo uko mlangoni: kitenge kimefungwa, ndoo, sufuria mbili. Akaambiwa tu kwamba binti anakwenda kusalimia kwao Ilemba, ampeleke stendi Namanyere kwa pikipiki. Akaondoka nao, yule dada na mtoto, ndoo kwenye usukani. Mimi nikabaki napitisha waya mpya kwenye paipu mpya. Kavu. Mikono ilinichubuka.

Nilikuwa nabana skrubu za mwisho niliposikia pikipiki inarudi kwa kasi. Hakuizima vizuri, iliangukia ukutani. Akaja moja kwa moja mpaka usoni kwangu.

"Umesema nini hapa?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Tulia."

"Dada kanieleza njia nzima. Mafuta nilipaka mimi! Mimi, kwa mkono huu!"

"Punguza sauti, mama atasikia."

"Asikie!"

Akanisukuma, akatoka kwenda uani, mimi nyuma yake. Mama alikuwa bado kwenye kigoda chake. Mshikaji akapiga goti mbele yake, kabisa, kwenye yale maganda.

"Mama, kosa ni langu. Waya niliupaka mafuta ya kupikia, panya wakafuata harufu. Binti hana kosa. Nitakulipa mayai yako hata kama ni kwa kufanya kazi bure. Mrudishe."

Mama akafuta kijiko kwenye kanga, polepole.

"Inuka, mwanangu. Kwani wewe unadhani mimi sijui?" Akaninyooshea kijiko. "Huyu mwenzako nilimwona akitoboa gunia langu kwa bisibisi. Dirisha lile unadhani niliwawekea kuku?"

Nikageuka kulitazama.

"Sasa mama," mshikaji akasema, "kama ulimwona..."

"Mwanangu yuko ziwani Kirando, anavua. Huyo binti anamshawishi wahame wakakae kwao Ilemba, kwa wazazi wake. Mwaka mzima namwambia mwanangu mkeo hafai, hanisikii, anasema mama ana wivu. Leo nitampigia simu, nitamwambia fundi wa mjini kasema, na majirani wamesikia." Akanitazama mimi, tena kwa upendo kabisa. "Wewe una mdomo mzuri, kijana. Nitawatangaza jumuiya nzima. Kazi mtapata."

Mshikaji wangu aliinuka, akapangusa goti. Hakuniambia panda. Nilipanda mwenyewe pikipiki ikiwa inaondoka.

Njiani nilijaribu. "Nilifanya kwa ajili yako."

"Nilikutuma?"

"Wangekumaliza. Unakumbuka mwaka jana."

"Mwaka jana nilisingiziwa," akasema. Upepo ulikuwa unachukua maneno, lakini hayo niliyasikia. Akaongeza mwendo mpaka macho yakawa yananitoka machozi kwa vumbi.

Tulimkuta dada stendi, amekalia mzigo wake, mtoto anakula hindi la kuchoma. Basi la Sumbawanga lilikuwa linaunguruma tayari. Mshikaji akachuchumaa mbele yake.

"Dada, nimerudi nikamwambia mama ukweli wote. Kosa ni langu."

"Akasemaje?"

Mshikaji akaisogeza ndoo isizuie njia.

"Kasema nirudi?"

"Hapana."

"Basi, kaka. Asante." Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni.

"Mpigie mumeo wewe kwanza, kabla mama hajampigia."

"Simu ninayotumia ni ya mama huyo huyo," akasema.

Mshikaji akamwandikia namba yetu kwenye kipande cha boksi, akamwambia akifika kwao aazime simu, mumewe akitaka ushahidi atupigie, yeye mshikaji atamweleza mwenyewe. Dada alikikunja kile kipande akakiweka kifuani. Mpaka leo hakuna aliyepiga.

Nikainama nichukue mzigo nimpandishie.

"Wewe hapana," akasema. Bila ukali. Akamsubiri mshikaji wangu aubebe.

Konda alikuwa mlangoni anaharakisha watu, akamsukuma dada begani ili aingie haraka, ndoo ikagonga chuma, mtoto akalia. Mimi nilikuwa tayari nimeshaidaka kola ya konda.

"Unamsukuma nani wewe? Unajua huyu ni nani? Mheshimu dada, nitakuvunja!"

Konda akabaki ananishangaa. Watu wakageuka. Yule dada akatoa kichwa dirishani, ametulia kabisa.

"Mwache huyo," akaniambia. "Huyo hajanifanya kitu."

Nikamwachia shati. Mshikaji wangu alikuwa ameshawasha pikipiki, na hakuniita.