Basari ya kaunti: niliambiwa mimi si yatima kamili

Wakuu, salamu kwenu. Haya ni yangu mwenyewe na sijayapamba, majina tu ndiyo nimeacha.

Nilipata nafasi ya kusomea ualimu chuo kimoja pale Maseno. Mama alikuwa ameshafariki, nikalelewa Sondu na dada yake. Baba aliondoka nikiwa mdogo. Nilijua tu anaishi Kisian, ana bibi mwingine, na anachomelea mageti kando ya barabara.

Nikaomba basari ya kaunti kama yatima. Chifu akaangalia death certificate ya mama, akauliza ya baba iko wapi.

"Yuko hai," nikasema.

"Basi wewe si total orphan. Aliye hai alete kitambulisho, athibitishe wewe ni wake na hana uwezo."

Kwa wale hawajui, kwetu bila sahihi ya chifu kamati haiangalii application yako.

Auntie alitaka tuape kwamba baba hajulikani aliko. Nilikataa, na si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Niliogopa kushikwa nikiwa second year.

Nikaenda Kisian. Baba alinitambua, akainama akaendelea na kazi. Bibi yake ndiye alinipa kiti na chai. Nilipoeleza shida, baba akasema atafikiria.

"Mzee, utafikiria nini?" mama huyo akamuuliza, bila kupandisha sauti. "Hajaomba shamba. Anataka useme ukweli tu. Chukua kitambulisho."

Kesho yake tukaenda Sondu kwa chifu.

Chifu akamuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Baba akageuza kitambulisho chake mkononi, mimi nikaanza kuangalia mlango.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo. "Ni mtoto wangu wa kwanza."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Nikasaini pale nilipoonyeshwa.

Basari ilitoka, ikalipa sehemu ya karo. Iliyobaki nikachukua mkopo wa serikali, na huko pia wakataka kitambulisho cha mzazi. Safari hii nilimpigia baba simu tu.

Sasa namaliza chuo. Mimi na baba si marafiki. Bibi yake ndiye hunipigia kuuliza kama nimekula.

Nilichojifunza ni kwamba kwa hizi ofisi, mzazi aliyekuacha hahesabiki kama aliyekufa. Soma masharti mapema, na mtu unayemhitaji mwendee mwenyewe.

Wale ambao mzazi alifika mbele ya chifu akawakana, mlifanyaje? Andikeni hapa. Kuna mtu anasoma hii na bado hajapanda gari kwenda kwa mzazi wake.