Bwawa Lililomfukuza Kukhu

Nilipokuwa mtoto tuliishi Makongeni, Nairobi, kwenye nyumba za reli, baba, mama na mimi katika vyumba viwili. Kila likizo ya Aprili nilipelekwa magharibi kwa mama mzaa baba. Sote tulimwita Kukhu, kama mabibi wanavyoitwa kwetu. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba maji yana mwenyewe.

Chini ya shamba lake palikuwa na bonde dogo, na ndani ya bonde hilo mahali pasipokauka. Hata Januari, ng'ombe wakilamba vumbi kwingine kote, pale mguu ulizama hadi kifundoni. Kukhu alituambia, mimi na binamu yangu Nafula, kwamba pale ni mlangoni kwa mwenye maji, nyoka mkubwa ambaye hata bibi yake mwenyewe alimsikia akisimuliwa. Hatumwabudu, alisema, maana alikuwa mama wa kanisa na kitambaa chake cheupe hakikumtoka kichwani. Tunampisha tu. Kwa hiyo tulipopita pale tulishikana mikono na kufunga midomo. Ukiitwa jina ukaitika, tuliamini, umekwenda.

Mwaka niliotimiza miaka tisa nilikuta bonde limezibwa. Kila masika mafuriko yalishuka kutoka mlimani yakazoa mahindi ya watu wa chini na kuingia madarasani, ndipo likajengwa bwawa la udongo la kuyazuia. Ukuta ulikuwa na kimo cha nyumba, mwekundu, bado haujaota nyasi. Watu walijivunia ukuta ule. Baba mdogo, babake Nafula, alikuwa katika kamati ya bwawa, na kofia ya plastiki aliyopewa na mkandarasi aliivaa hata akienda kukamua.

Kukhu peke yake ndiye aliyepinga. Nilisimuliwa kwamba alimwendea mkandarasi akamwambia asijenge pale. Alipoulizwa sababu akasema ni mlangoni kwa mtu, na wote waliokuwapo wakacheka. Jumapili iliyofuata pasta alihubiri, bila kutaja jina, juu ya waliobatizwa lakini mioyo yao bado iko kwa mizimu. Leo najua kwamba mlango ule ulikuwa chemchemi, na kwamba ukuta wa udongo ukikaa juu ya chemchemi huliwa kutoka chini. Kukhu hakuwa na maneno ya kusema hivyo. Alikuwa na nyoka.

Mvua ilipoanza, Nafula na mimi tulikwenda kufunga mbuzi nyuma ya ukuta, upande wa chini, ambako majani yalikuwa mabichi kuliko kwingine. Tukaona maji yakichuruzika kutoka kwenye tundu la ukubwa wa kidole gumba. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nafula alitaka kuliziba kwa kidole chake. Nikamvuta, tukakimbia kumwambia Kukhu.

Alikuja, akainama penye tundu. Alikinga maji kwa kiganja, akayasugua kwa kidole, akatuonyesha yalivyoacha udongo mkononi. Kisha akatushika mikono, akatupeleka moja kwa moja hadi dukani kwa mwenyekiti wa kamati. Baba mdogo alikuwa ameketi hapo hapo. Kukhu akawaambia kwamba ukuta unatoa maji, na maji yanatoka na udongo. Mwenyekiti alisema ukuta mpya hutoa jasho, utakauka. Kukhu akarudia. Mwenyekiti akamwomba asiwatie watu hofu. Ndipo Kukhu akasema neno ambalo sijalisahau.

"Mwenyewe anatoka. Kabla mahindi hayajabeba, atachukua mtu."

Baba mdogo hakuinua macho. Tukarudi nyumbani, na Kukhu akatukataza kabisa kukanyaga bondeni.

Nafula alitii siku nne. Siku ya tano, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha, mbuzi alikata kamba akashuka kwenye yale majani. Mimi nilikuwa barazani nikimenya maharagwe. Nafula alinikabidhi ungo wake akasema anarudi sasa hivi. Kisha nikasikia mvumo kama lori linalomwaga mawe, na mvumo huo haukuisha. Nilipofika ukingoni mwa shamba, katikati ya ukuta palikuwa wazi, na maji mekundu yalikuwa yakipita juu ya migomba ya majirani.

Alipatikana alasiri, mbali chini ya shule. Kwa kuwa ilikuwa likizo hapakuwa na watoto madarasani, na watu wakaanza kusema Mungu ni mwema, amekwenda mmoja tu. Nililisikia neno hilo likisemwa mbele ya mama yake.

Siku ya mazishi mwenyekiti alipewa nafasi ya kuzungumza. Alisema kazi ilifanywa vizuri, kila mtu aliiona, na kama ukuta umevunjika basi kuna mkono uliouvunja. Kisha akawageukia watoto, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza nani aliyesikia mtu akisema kwamba bwawa litachukua mtu.

Shuleni kwangu Nairobi nilikuwa nikisifiwa kwa kujibu kwa sentensi kamili. Nikasimama. Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Kukhu alisema kabla mahindi hayajabeba, mwenyewe atachukua mtu."

Sikusema juu ya tundu, wala udongo kiganjani. Sikuulizwa. Niliketi nikiwa na fahari kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

Vijana walikuja jua likiwa bado juu. Waliichoma nyumba ya Kukhu bila hata kuficha nyuso zao, na baadhi yao yeye ndiye aliyewazalisha mama zao. Baba, aliyekuwa amekuja mazishini, alimshika mkono mama yake, akashika na wangu, tukapita katikati ya mahindi hadi barabarani. Baba mdogo alibaki kaburini kwa mtoto wake. Hakuja kuzima moto, wala hakuja kutuaga.

Hivyo Kukhu akawa mtu wa Makongeni. Alilala kitandani kwangu, mimi chini. Alikuwa mwanamke wa ekari mbili, sasa akashinda kwenye kiti mlangoni akiangalia nguo za watu zikikauka. Mtaa wetu ulijaa watu wa magharibi, kwa hiyo habari haikuchukua mwezi kutufikia. Nikiwa nimepanga foleni ya maji, msichana mmoja tuliyesoma naye akaniuliza, "Eti shosh wako ni mchawi?"

Nikamwambia yule si bibi yangu, ni mgeni tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipothubutu kumwambia Kukhu kwamba najua ni mimi niliyemchomea nyumba. Alikuwa akinisuka. Vidole havikusimama. "Ulisema nilichosema," alinijibu. "Lakini mimi nilisema mambo mawili, mama. Wewe ulibeba moja." Akaendelea kusuka hadi akamaliza, na hatukulizungumza tena.

Alikufa nikiwa kidato cha pili. Wazee wa kijiji walituma ujumbe kwamba mwili wake usipelekwe kule. Kwetu mtu aliyezaa na kujukuu hazikwi ugenini, lakini Kukhu alizikwa katika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Kutoka nyumbani alikuja mtu mmoja tu, baba mdogo, aliyekuwa amezeeka kuliko baba ingawa ndiye aliyemfuata. Tuliporudi kutoka makaburini nilikuwa namnawisha mikono uani, akaniambia bila kunitazama:

"Lile tundu nililiona kabla yenu. Nilimwambia mwenyekiti, akaniambia ninyamaze. Ukuta ulipovunjika na watu wakasema ni mama, nikaona afadhali iwe ni mama."

Nilimmwagia maji mpaka birika likaisha. Tangu siku ile nimewaza mara nyingi jinsi watu walivyokataa imani ya Kukhu ilipoweza kumwokoa Nafula, wakaikubali ilipoweza kuwaokoa wao. Pasta aliyemsema mimbarani kwa kuamini nyoka ndiye aliyeomba sala Nafula alipozikwa, na nyumba ikichomwa alikuwa bado hapo.

Bado naishi Eastlands, upande ule ule wa Nairobi. Watoto wangu hawajawahi kuona kijiji kile, na mmoja wao huniuliza kama naamini kwamba maji yana mwenyewe. Humwambia sijui. Ninachojua ni kwamba siku alipozikwa Nafula, Kukhu alikuwa ameketi hatua tatu kutoka niliposimama, na alielewa kabla yangu ninachotaka kusema na kitakachofuata. Angeweza kukohoa tu, nami ningenyamaza. Aliniangalia usoni, akaniacha nimalize.