Aliyeitika Kwenye Ukungu

Asubuhi ile mferejini tulikuwepo hawa: Mzee Longino Mgaya, mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye alikuwa shemeji yake bibi yangu; Mama Tumaini Mbilinyi, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito; na mimi Blandina, mtoto wa miaka tisa, mjukuu wa Bibi Yustina Mlowe. Walikuwepo na wengine wa nyumba kumi, majina yao ninayo yote, ila nikiyataja hapa nitawachosha. Mama yangu Agnesi alikuwa nyumbani na kichanga cha siku nne. Baba yangu Deusi alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Na Bibi Yustina mwenyewe, hapo ndipo penye habari, maana mpaka leo sijui nimweke upande gani, wa waliokuwepo au wa wasiokuwepo.

Harufu ninayoikumbuka ni ya udongo uliofukuliwa kwenye baridi, harufu kama ya chungu kipya. Kwetu ni milima ya Njombe, na mwezi wa Juni asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, zikikanyagwa zinalia chini ya mguu. Mwaka ule kijiji kiliamua kuleta maji kwa bomba kutoka kwenye chemchemi ya juu. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mfereji, na kila asubuhi kabla ya kazi Mzee Longino aliita majina kutoka kwenye daftari lake. Mkubwa wa nyumba anaitika, mtoto hahesabiwi. Nyumba isiyoitika mara tatu, bomba linaipita. Sisi tulishakosa mara mbili, siku Mama alipojifungua na kesho yake. Nyumba yetu iliandikwa kwa jina la Bibi, naye kifua kilikuwa kinamsumbua. Asubuhi ile alikuwa amelala kaelekea ukutani, Mama akadhani amepitiwa na usingizi, akaniambia kwa kunong'ona, mwache apumzike, wewe nenda ukamwombee radhi kwa babu yako Longino. Basi njia nzima nilikuwa nayakariri maneno ya kuomba radhi.

Ukungu ulikuwa mzito, unaona jembe la mwenzako lakini yeye humwoni. Majina yalikuwa yanaitwa na sauti zinajibu, hii ya huku, ile ya kule, kama watu wamebaki sauti tupu. Likafika letu. "Yustina Mlowe." Nikavuta pumzi niseme. Kabla sijasema sauti ikaitika, "Nipooo," ndefu, na kikohozi kidogo mwishoni, vilevile Bibi alivyokuwa akiitika siku zote. Mzee Longino akaandika. Mama Tumaini, aliyekuwa kando yangu, akacheka: "Bibi yako ana mbio, kakupita njiani na kifua chake hicho." Nikapanda mbio kwenye kipande chetu. Hakukuwa na mtu. Sakitu ilikuwa imetanda juu ya nyasi, haikukanyagwa na yeyote.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa chini, anamtazama Bibi. Wanawake waliokuja kumwosha walisema mwili umekauka, alikwisha kuondoka kabla jogoo hajawika. Mama Tumaini aliposikia hivyo aliliweka chini beseni la maji, akatoka nje, hakurudi ndani siku ile.

Baada ya mazishi kikaitwa kikao. Wako waliosema nyumba yetu ilikosa mara ya tatu, bomba lipite, na wengine walitaka tu tusiwe karibu na maji wanayokunywa. Niliwekwa katikati nikaulizwa, ni wewe uliyeitika? Nikisema ni mimi, maji tumekosa, Mama na kichanga wateremke bondeni na ndoo. Nikisema si mimi, watatuogopa maisha. Nikasema si mimi. Mzee Longino akafungua daftari akaliweka mezani na kalamu juu yake. "Mimi niliita, akaitika. Anayetaka kulifuta jina la Yustina, aje alifute mwenyewe." Hakuinuka mtu. Bomba likawekwa mlangoni kwetu. Lakini asubuhi za baridi, ukilifungua, kabla maji hayajatoka lilivuta pumzi ndefu, kisha likakohoa. Watu walikuja kuteka jua likishapanda. Mama aliniuliza habari ile miaka mingi, hata siku naolewa, nami jibu langu lilikuwa lilelile.

Sasa niko Berea, Johannesburg, alikonileta marehemu mume wangu aliporudi kwao kutoka uhamishoni. Baridi ya huku nayo inaingia mwezi uleule. Mabomba ya jengo letu yamekauka, tuna tangi moja uani, na kila Jumamosi asubuhi katibu wa jengo, Kaka Emery wa Bujumbura, anaita vyumba kabla ya usafi. Chumba kisichoitika mara tatu kinatolewa kwenye foleni ya maji. Jumamosi hii ilikuwa mara ya tatu ya Mama Furaha, fundi cherehani wa Bukavu, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Yuko hospitali tangu Alhamisi, na binti zake wawili wanalala kwangu. Nilishuka nimejiandaa kumweleza katibu. Akaita, "Mama Furaha." Nikavuta pumzi niseme. Ikatoka, "Nipooo," na kikohozi mwishoni. Emery akatia alama bila kuinua kichwa. Mjukuu wangu Lindiwe, ambaye Kiswahili anakisikia tu, alinishika mkono akaniuliza kwa Kizulu: "Gogo," yaani bibi, "nani huyo amesema?"

Nafasi ya Mama Furaha kwenye foleni ipo, na mabinti zake wameteka maji. Maji tulipata zamani, maji tumepata na leo. Ila hospitali waliahidi kupiga simu asubuhi, sasa ni saa nane na simu haijalia. Ninyi mliokuwepo mferejini, kama yupo aliyebaki, au watoto wenu mliowahadithia, nisahihisheni. Mkisema mtoto Blandina ndiye aliyeitika, akasahau kwa woga, nitakubali. Leo ningependa sana niwe nimekosea.