Tata Alitaka Kujua Shimo Liko Wapi

Mdogo wangu anafundisha Kifaransa huko Mexico, na kwa miaka tisa amekuwa akituahidi kwamba siku moja atatuita. Tulishazoea. Kwa hiyo alipopiga simu mvua zikianza na kusema kwamba safari hii ni kweli, kwamba mimi na Tata, baba yetu, tujiandae kwa likizo kubwa ya shule, nilimwambia sawa, nikaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Ndipo akatuma picha. Ilionyesha mlima wa mawe wenye ngazi, umechomoza juu ya miti. Alisema atatupeleka pale, kwenye magofu ya Wamaya, watu wa kale wa nchi ile, ndani kabisa ya msitu.

Nilimpelekea Tata simu barazani, mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo. Tata ni mtu wa mgodi. Kwa miaka thelathini aliendesha mashine ya kuchimba kwenye shimo kubwa la kampuni, na kabla yake baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai, alichimba mlima huohuo kwa sururu. Aliisogeza simu karibu na pua, akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

"Hii ni remblai," akasema.

Remblai ndivyo tunavyoviita vilima vya udongo na mawe yanayotolewa mgodini na kumwagwa pembeni. Mji wetu umezungukwa navyo, na watoto wengi wa hapa hawajui mlima wa aina nyingine.

"Hapana, Tata. Balijenga kwa kuomba Mungu yabo."

"Nasikia. Lakini ile majiwe yote, balitoa wapi? Shimo iko wapi?"

Nilicheka mpaka machozi. Nilimsimulia mdogo wangu, naye akacheka. Niliwasimulia walimu wenzangu, wakacheka kuliko sisi. Mimi nafundisha jiografia, na Wamaya nimewachora ubaoni mara nyingi, hekalu na ngazi zake, bila hata siku moja kuchora shimo.

Tukaanza kupanga. Mimi kwa upande wangu nilihangaika na pasipoti, viza, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barabara mpaka Lubumbashi, ndege mpaka Addis Ababa, halafu Ulaya, halafu huko. Tata alipanga kwa namna yake. Mgodini, kabla ya zamu kushuka, mkuu wa kikosi, chef kama tunavyomwita, huwasimamisha watu wake, akawaeleza kazi ya siku na hatari zake, na kila mtu lazima arudie kwa sauti kile alichosikia. Asiyerudia hashuki. Tata aliuleta mkutano huo nyumbani. Kila Jumamosi, saa moja asubuhi, tulisimama barazani watu wawili tu, yeye na kofia yake ya kazi, mimi na kitenge changu.

"Hatari ya kwanza?"

"Nyoka, Tata."

"Ya pili?"

"Joto."

"Ya tatu?"

"Ngazi."

Kisha vifaa: viatu vya kufunika kifundo, kofia, maji, filimbi. Eti filimbi! Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, wanafunzi wangu wakiniona hunyoosha mgongo, halafu nasimama hapo kujibu maswali kama mtoto wa darasa la kwanza. Majirani wakipita kwenda sokoni walinichokoza, "Mama mwalimu, munaenda kuchimba wapi?" Nilitamani ardhi inimeze. Na kila mkutano ulimalizika na swali lilelile.

"Na shimo?"

"Bado, Tata."

Wala sikuwa namtafutia jibu. Nilichukulia ni ukaidi wa mzee ambaye amekosa mara moja na hataki kukubali.

Likizo ilipokaribia nilimpeleka kwa daktari apate karatasi ya safari. Daktari alisikiliza kifua, akapiga picha, akasikiliza tena. Alisema vumbi la mgodini limekaa humo siku nyingi, na kwa kifua hicho hawezi kusaini mtu akae kwenye ndege saa zote hizo. Tata alimshukuru, akampa mkono, akavaa kofia. Njiani kurudi alisimama mara mbili, mara kutazama baiskeli ya mtu wa makaa, mara kusoma tangazo la kanisa. Mwaka mzima nilikuwa namwona akisimama hivyo, nikasema moyoni kwamba mzee ameanza udaku. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Roho iliniuma sana siku ile.

Nilimwambia basi, hakuna anayekwenda, nitampigia mdogo wangu leoleo. Jumamosi nililala makusudi mpaka jua likapanda. Nilipotoka nje nilimkuta amesimama barazani na kofia yake.

"Chef hashukake kila siku," akasema. "Mi nitabakia huku juu. Weye utashuka. Hatari ya kwanza?"

Nilijibu nyoka, joto, ngazi. Alipofika kwenye swali lake la mwisho nilipasuka.

"Tata, acha hii mambo ya shimo! Bantu banatucheka."

Alivua kofia, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akatazama mikono yake.

"Mama," aliniambia, maana mimi nina jina la mama yake, "mi nilichimba miaka makumi tatu. Ule mulima tata yangu alikuta hapa, mi njo nilimaliza. Kulibakia shimo. Bale bantu nabo balichimba. Mi nataka kujua tu, shimo yabo, balifanya nayo nini?"

Nilimwona mtu aliyekaa barazani miaka yote hii akitazama vile vilima na kujiuliza kazi yake yote ilikuwa ya nini, nami binti yake nilikuwa nimefanya swali lake kichekesho cha chumba cha walimu.

Nilikumbuka na jambo jingine. Miaka ile watu wa mtaa wetu walipoanza kuchimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, Tata peke yake alikataa sururu isiguse uwanja wetu. Wengine walibadilisha mabati, wengine walinunua pikipiki, na mimi nilimnunia miezi mingi. Leo chumba cha kulala cha jirani kimepasuka mpaka mwanga unaingia, na ukuta nilioegemea asubuhi ile ulikuwa umenyooka. Sikuwahi kumwambia asante.

Siku hiyohiyo nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Nilimwambia asicheke, apande basi aende kule msituni, atafute mtu anayetembeza wageni, amuulize shimo liko wapi. Jibu lilikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, tumetoka tu kanisani. Tulikaa barazani, nikaweka simu katikati yetu.

Mzee anayetembeza wageni kule hakucheka hata kidogo, mdogo wangu alisema. Alimwongoza nyuma ya hekalu, wakashuka mahali pa chini, papana, pamezungukwa na miti, na humo kulikuwa na maji yametulia. Mawe yalikatwa hapo. Walipomaliza, wale watu walisiliba chini kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipotee, wakaacha mvua ijaze. Mji ule hauna mto. Watu wote walikunywa humo, wao na watoto wao na wajukuu wao, na mpaka leo, kiangazi kikikaza, wanyama wa msitu huja kunywa.

Tata aliomba nirudishe ujumbe mwanzo. Tuliusikiliza mara tatu.

"Kumbe balikunywa," akasema. Alitazama upande wa mgodi. "Ya kwetu, hakuna mutu atakunywa mule."

Mimi nilikuwa nafikiri maziwa ya unga tuliyopewa shule ya kampuni, ya moto, kwenye vikombe vya bati. Nilifikiri magunia ya unga yaliyokuja nyumbani kila mwezi, viatu vyeupe vya komunyo yangu ya kwanza, masomo yangu ya chuo, tiketi iliyomtoa mdogo wangu hapa. Yote yalitoka sehemu moja.

"Tata, shiye tulikunywa," nikamwambia. "Mi na ndugu yangu. Mu ile shimo yako njo tulikunywa."

Alikohoa kidogo, akajipangusa uso kwa kofia, akachukua muda mrefu kumaliza kujipangusa. Halafu akasimama, taratibu, mkono mmoja kwenye kiti, akaivaa kofia.

"Ongeza kifaa moja," akasema. "Chupa. Ya kidogo tu. Utaniletea maji ya mule. Rudilia."

Nilisimama wima mbele yake.

"Chupa, Tata."